Mwalimu Alisema Mezani

Kisu kilifunguka bila ubishi, na hapo hapo Pilipili akapandwa na hasira.

Haikuwa hasira yake ya kila siku. Za kila siku alikuwa nazo za kugawa na kubaki. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pilipili, na jina alilopewa na mama yake walilikumbuka watu watatu tu. Alikasirikia mvua, alikasirikia simu zinazoita wakati ananoa, alikasirikia wateja waliofungua makopo kwa visu vya mboga kisha wakamletea yeye msiba wao. Lakini hizo zilikuwa hasira za moto wa makaratasi, zinawaka puu na kuzimika, na mwenyewe anabaki anacheka. Hii ya leo ilipanda polepole, na haikuonyesha dalili ya kuzimika.

Alikifunga kisu, akatia tena ukucha wa dole gumba kwenye kijifuo chake, ule mfereji mdogo wa kuvutia ubapa, akavuta. Ubapa ukaja laini kama mlango wa kabati lililochoka. Akaufunga. Ulitakiwa kulia tak! Ukalia pf.

"Nawaambieni inatembea," Nesi alikuwa akisema upande wa pili wa meza. "Naiwasha, naenda zangu jikoni, nikirudi naikuta mlangoni."

"Nini? Mashine?" akauliza Fundi Viatu.

"Mashine ya kufulia, ndiyo. Mlangoni kabisa."

"Basi inakukimbia, dada. Mimi ningekuwa mashine yako ningeshafika stendi."

Nesi alicheka hadi akajifuta macho. Mwalimu naye akatabasamu, mkono mmoja mfukoni mwa koti. Pilipili hakusikia hata neno moja.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Karakana ilikuwa yake: chumba kimoja kirefu, mashine ya kunolea kwenye kona, jiriwa mbili za kubania vyuma, tupa zimetundikwa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo, na sakafu yenye chenga za chuma ambazo hazikuisha hata ufagie vipi. Hapo ndipo walipokutana kila wiki watu wanne wenye ugonjwa mmoja. Waliviabudu visu vya kukunja, vile vya zamani vya mfukoni: mpini wa mti mgumu au wa pembe, ubapa mmoja au wawili, springi moja mgongoni, basi. Havina kufuli, havina kitufe. Kinachoushika ubapa usikukate vidole ni ile springi peke yake, na mtu anayejua huipima kwa ukucha tu.

Kila mmoja alikiweka kisu chake kimefungwa juu ya kitambaa katikati ya meza. Halafu unachukua cha mwenzako, unakigeuza, unakifungua, unakirudisha kimefungwa. Na sheria ilikuwa moja: visu vinashikwa, havizungumzwi. Midomo ni ya porojo nyingine zote, magoti, wakwe, bomba linalovuja, mashine inayotembea. Atakayetaja kisu anachemsha chai. Sheria hiyo aliileta Mwalimu mwenyewe, kwa sababu mwanzoni walibishana chuma kipi kinashika makali hadi Nesi akasusa mwezi mzima.

Pilipili aliipenda sheria hiyo kwa sababu zake. Wenzake wakianza soga, yeye huvaa lenzi yake ya fundi saa jichoni, akaingia ndani ya kisu cha mtu na kupotelea humo mpaka jua linazama. Mara kwa mara aliitikia "ndiyo" au "kweli kabisa" ili asionekane ana kiburi.

Na hiki alichokishika sasa hakikuwa kisu cha mtu yeyote tu. Alikitengeneza kwa mikono yake mwaka ambao Mwalimu alistaafu. Mwalimu alikuwa kaka yake, tumbo moja. Baba yao alipofariki, ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kusoma, na ndiye aliyempeleka kwa fundi chuma alipofukuzwa shule kwa kumpiga ngumi mwalimu mwingine. Kwa hiyo kisu kile Pilipili hakukifanyia mchezo. Mpini wa mpingo, misumari ya shaba, na springi aliyoirudia mara tatu mpaka ikalia anavyotaka. Wiki kadhaa sasa Mwalimu alikuwa anakisahau nyumbani. Leo kakileta, na kumbe kimeharibiwa.

Pilipili alisogeza lenzi karibu. Akaiona mikwaruzo ya tupa, upande wa ndani wa springi. Mtu alikuwa ameikuna ikawa nyembamba. Akaitazama zaidi, akaona ilivyolala. Anayetumia mkono wa kulia, tupa yake hulaza mikwaruzo upande huu. Hii ilikuwa imelala upande ule.

"Nani kagusa kisu hiki?"

Wote wakainua nyuso. Kisha Fundi Viatu akapiga makofi. "Chai! Kataja kisu! Mwenye karakana mwenyewe! Nenda kachemshe, bwana, na sukari usiibanie."

"Nimeuliza nani kagusa kisu cha kaka yangu."

"Pilipili," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Ngoja, kaka. Hili niachie mimi." Akakiinua kisu mbele ya nyuso zao. "Springi imepigwa tupa. Hii kazi niliifanya mara tatu. Mara tatu! Ya kwanza nikaitupa, ya pili nikaitupa, ya tatu nikalala usingizi. Leo mtu kaikwangua kama anakwangua karoti."

"Sasa mbona unanitazama mimi?" akauliza Fundi Viatu.

"Kwa sababu tupa imepita kwa mkono wa kushoto. Mezani hapa nani anatumia kushoto?"

Fundi Viatu akautazama mkono wake wa kushoto, mweusi kwa rangi ya viatu kuanzia kucha hadi kifundo. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa kucheka na kila mtu. Walijuana miaka kumi na tano. Cheko likamtoka usoni taratibu.

"Unasema mimi ndiye?"

"Nasema tupa haidanganyi. Una wivu, ndugu yangu, siku zote unao, maana wewe kisu chako ni cha kununua dukani. Umezoea kukuna soli za watu, ukaona na springi ni soli."

"Pilipili, kaa chini," Nesi akasema.

"Sikai! Huyu ni mwizi. Kuharibu kazi ya mtu na kuiba ni kitu kimoja. Achukue chake atoke, na Jumamosi nyingine asinionyeshe sura."

Fundi Viatu akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Rudia."

"Mwizi."

Wengine wangejitetea, wangeapa. Fundi Viatu hakujitetea. Aligeuka akamtazama Mwalimu. "Mwalimu, sema wewe. Usiposema nitampiga ndugu yako, na mimi sijampiga mtu tangu darasa la nne."

"Ni mimi," akasema Mwalimu.

"Wewe nini, kaka?"

"Nimeikuna mimi. Juzi, jikoni kwangu. Tupa niliazima kwa Fundi Viatu, sikumwambia ya nini."

"Wewe hutumii kushoto."

Mwalimu aliutoa mkono wake wa kulia mfukoni. Aliutoa kwa kuushika na mkono wa kushoto, akauweka juu ya kitambaa, kando ya visu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja na havikukunjuka. Dole gumba lilitetemeka kidogo, bila kuacha. Nyama ya kiganja ilikuwa imekwisha, mifupa imejichora.

"Sasa natumia," akasema.

Pilipili aliitoa lenzi jichoni. Akautazama mkono ule uliomshikisha penseli ya kwanza maishani mwake. Akafoka, kama alivyozoea.

"Tangu lini? Tangu lini, kaka, na mimi siambiwi?"

Nesi akashangaa. "Yaani hujui?"

"Nijue nini?"

"Pilipili, tafadhali, huu si wakati wa utani."

"Nani anatania?"

Mwalimu akaongea, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya chini, iliyowatia watoto adabu bila fimbo. "Leo ni wiki ya saba. Nilisema hapa hapa, nimekaa kwenye kiti hiki. Wewe ulikuwa umekaa hapo ulipo, una kisu cha Nesi mkononi."

"Hukusema."

"Nilisema."

"Basi ungeniita pembeni, kaka. Mambo kama haya mtu anaitwa pembeni!"

"Nikuite pembeni mara ngapi? Nikija siku za kazi, unanoa. Nikipiga simu, utanipigia baadaye. Nikaona niseme nawe Jumamosi, maana Jumamosi umekaa, huna pa kukimbilia. Kumbe unapo."

"Na springi? Ungeniletea mimi niilegeze. Ni kazi ya nusu saa!"

"Nikuletee uniambie nini? Ulishasema hapa hapa, kabla hatujakaa mezani, kisu kinachofunguka kirahisi ni kijiko, mwenye nacho akanywee uji. Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Nikaenda nyumbani nikahangaika na changu dakika kumi, sikukifungua." Akanyanyuka. "Samahani, Fundi Viatu. Hayo matusi yalikuwa yangu."

Alijaribu kufunga kifungo cha koti kwa mkono mmoja. Nesi akaenda kumfungia, naye akasimama akifungiwa, kisha akatoka. Kisu chake alikiacha mezani.

Pilipili akawageukia waliobaki. Hasira ilikuwa bado imejaa tele na ilitaka mtu. "Na nyinyi mlinyamaza! Mnakaa na mimi, mnakula na mimi, mnanyamaza!"

"Tulinyamaza?" Nesi alikuwa akitia kisu chake kwenye mkoba. "Wiki saba tunaongelea shingo ya Mwalimu. Nimemletea mazoezi ya vidole, tumeyafanya mezani hapa sisi watatu, moja, mbili, tatu, fumba, fumbua. Wewe ulikuwepo."

"Nilidhani mnacheza."

"Miaka thelathini na mbili nimefanya kazi wodini," Nesi akasema. "Nimeona ndugu wasiokuja kabisa. Wewe ulikuja kila wiki, na bado hukuwepo." Akatoka, akaupiga mlango.

Akabaki Fundi Viatu, ameinama anakiokota kiti chake. Pilipili alikivuta karibu kisu cha kaka yake. Angependa kumuuliza mtu mwingine yeyote duniani, lakini mwingine hakuwepo.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, bwana."

"Dakika tano zilizopita mimi ni mwizi."

"Nisamehe."

"Unasema umeuma meno."

"Nisamehe! Haya! Nisamehe! Unataka nipige magoti?"

"Nilitaka usipige kelele tu," akasema Fundi Viatu, akakaa. Naye hasira zilikuwa hazijamwisha, na hakuzificha. "Sikiliza basi, kwa mara ya kwanza. Kuna mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Ulianza vidoleni, sasa mkono mzima. Daktari anasema huenda wakampasua shingo, na wakimpasua huenda mkono usirudi. Na wakikosea kidogo, huenda hata kutembea kukawa shida. Shemeji yako anadhani ni baridi yabisi tu, la shingo hajui, kwa sababu ana presha, na Mwalimu hataki kumtisha kabla ya majibu. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kwenda naye hospitali. Akakuomba wewe."

"Hajaniomba."

"Alikuomba. Ilikuwa Jumamosi ya pili. Akasema, 'Mdogo wangu, Jumanne saa mbili asubuhi napigwa picha ya shingo, peke yangu naogopa. Utanisindikiza?' Neno lenyewe hilo, naogopa. Mimi nikainamisha uso, maana sijawahi kumsikia Mwalimu akisema anaogopa. Wewe ukamwambia, 'Sawa, kaka, hamna shida, nitakuwepo.'"

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema vizuri kabisa. Ila jicho hukuliinua."

Pilipili alijaribu kukumbuka. Sauti ya kaka yake hakuikumbuka. Alichokikumbuka ni kisu cha Jumamosi ile, kidogo, cha mpini wa pembe, chenye ufa mwembamba kando ya msumari wa katikati. Ufa aliukumbuka hadi urefu wake.

"Alikusubiri langoni," Fundi Viatu akaendelea. "Kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Jina lake linaitwa ndani, yeye anawaambia namsubiri mdogo wangu, yuko njiani. Simu yako inaita tu."

Hilo la simu Pilipili alilikumbuka. Jumanne ile alikuwa ananoa visu vya hoteli, simu ikamkera, akaitupa ndani ya ndoo ya matambara na kuifunika.

"Saa nne akanipigia mimi. Niliacha kiatu cha mtu juu ya chuma, gundi inakauka, nikaenda. Wakatuletea fomu. Inauliza jina la mtu wa karibu, na uhusiano. Mwalimu hawezi kushika kalamu, nikaandika mimi. Nikaandika ndugu. Yule wa mapokezi akauliza, ndugu wa kuzaliwa? Nikasema ndiyo, baba mmoja mama mmoja. Mimi, nimedanganya mchana kweupe ili kaka yako asiaibike. Halafu leo unaniita mwizi."

"Basi. Inatosha."

"Haijatosha. Jumamosi iliyofuata alikuja hapa, akakaa, akakungojea useme hata samahani. Wewe ukamuuliza kisu chake kiko wapi, ukaenda kuchemsha chai."

Pilipili akapiga ngumi mezani, visu vikaruka. Alitaka kujipiga mwenyewe, ila meza ndiyo iliyokuwa karibu.

"Majibu lini?"

"Jumanne hii. Saa mbili. Naenda naye mimi."

"Naenda mimi!"

"Usiniambie mimi," akasema Fundi Viatu. "Kamwambie mwenyewe."

Kwa Mwalimu ilikuwa mitaa mitatu tu, na Pilipili aliitembea kama anayekwenda kupigana. Njiani alimtukana daktari, akamtukana aliyebuni simu, akamtukana Nesi na mkoba wake. Kufika kwenye duka la kona alikuwa amewamaliza wote, amebaki yeye. Akajitukana kwa sauti, hadi mama mmoja aliyekuwa akichagua nyanya akamvuta mwanawe kando.

Alipobisha, Mwalimu ndiye aliyefungua. Kutoka ndani ilikuja harufu ya nguo zinazopigwa pasi, na sauti ya shemeji.

"Nani huyo?"

"Ni Pilipili," Mwalimu akajibu.

"Mume wangu mdogo! Mwambie aingie! Mwambie nina visu vitano jikoni havikati hata siagi, na yeye anajiita fundi!"

Mwalimu akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, akasimama kwenye ngazi. "Sema polepole," akanong'ona. "Hajui."

Kwa hiyo Pilipili ilimbidi agombe kwa kunong'ona, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mishipa ya shingo ilimtoka, sauti ikawa mvuke. "Kwa nini hukuja kunichukua? Unakaa langoni mpaka saa nne kama mzigo usio na mwenyewe! Ungekuja karakana, ungenizaba kofi. Ulikuwa unanizaba zamani!"

"Zamani ulikuwa mtoto."

"Ungenizaba tu!"

"Kwa mkono upi?"

Ndani, pasi ilipumua. Shemeji alianza kuimba taratibu, bila wasiwasi wowote.

"Nimekosa, kaka," Pilipili akasema. Maneno hayo hakuyazoea, yalimtoka kwa shida. "Nimekukosea sana. Jumanne nakupeleka mimi."

"Jumanne nina mtu."

"Mimi ndiye ndugu yako!"

"Polepole, nimesema. Ndugu yangu ameandikwa kwenye fomu."

Pilipili alipanda ngazi moja, akashuka. Angeweza kulia, lakini hasira zilimzibia njia. "Basi nitakuja. Utake usitake, nitakuja."

"Njoo," Mwalimu akasema. "Utakaa langoni."

"Langoni?"

"Sisi tutaingia. Wewe utakaa nje, usubiri."

Hasira ikampanda Pilipili tena hadi masikioni. Akatafuta wa kumwelekezea, akakosa. Macho ya kaka yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuyumba.

"Mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka tutakapotoka."

Mwalimu akausukuma mlango kwa bega, akaingia, akaufunga. Pilipili alibaki amesimama pale kwenye ngazi.

"Mbona hajaingia?" shemeji akauliza kule ndani.

"Ana kazi," Mwalimu akamjibu.